Koo Likiuma, Swali Langu la Kwanza ni Kikohozi

Darasa langu la gredi ya nne, katika shule moja ya Eastlands, Nairobi, lina watoto wengi kuliko madawati. Baridi ya Juni ikishaingia na madirisha yakafungwa, hakosekani mtoto wa kuja mezani kwangu ameshika shingo. "Mwalimu, koo linaniuma." Wengi wao ninawaambia wakanywe maji, wasichangie kikombe na wenzao, na jioni wakamweleze mama. Kwa wachache sana ninawapigia wazazi wao simu siku hiyohiyo, na mzazi akiniambia "mwisho wa mwezi nikipata kitu" huwa hatuelewani.

Namna ya kuwatofautisha hawa na wale sikufundishwa chuoni. Niliijulia nyumbani, kwa kitindamimba wetu ambaye moyo wake uliharibiwa na ugonjwa ulioanzia kooni, na kwa miaka ya kukaa naye kwenye benchi za kliniki ya moyo pale Hospitali ya Kenyatta. Ukisubiri foleni pale utasoma kila bango lililobandikwa ukutani, na wauguzi wakishakuzoea watakueleza mambo ambayo daktari hana muda nayo.

Alikuwa darasa la tano, enzi za mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4. Tulilala chumba kimoja sote, Kayole, na kwetu koo halikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa malaria na taifodi. Aliumwa koo, akapata homa, akakataa ugali akawa wa kunywa uji vuguvugu tu, na baada ya siku chache alikuwa nje akicheza mchezo wa kati na wenzake. Hakuna aliyelikumbuka tena koo hilo. Wiki kadhaa baadaye goti lake la kulia likavimba, likawa la moto, hata blanketi likiligusa analia. Goti likatulia, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa pili, kisha kiwiko. Shangazi yetu akasema maumivu yanayotembea namna hiyo yametumwa. Kliniki ya mtaani ikasema ni malaria, ikatoa dawa za malaria, na viungo vikapona. Vingepona hata angepewa maji matupu. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: viungo huviachilia bila kovu, moyo hauuachilii.

Tulikuja kujua akiwa kidato cha kwanza. Ngazi za ghorofa zilikuwa zimemshinda, usiku analala kwa mito miwili, na akijaribu kulala chali kikohozi kinamwamsha. Kenyatta walimpaka jeli kifuani wakampima eko, yaani picha ya moyo, na kwenye kioo cha mashine tukaonyeshwa valvu (mlango wa kupitishia damu) ya upande wa kushoto, kingo zake zimenenepa, inafunguka nusu na kurudisha damu ilikotoka. Daktari akamuuliza mama: "Huyu mtoto aliwahi kuumwa sana koo akiwa mdogo?" Mama akanigeukia mimi. Koo na moyo vinajuana wapi?

Vinajuanishwa na bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A. Yeye hukaa kooni, na mwili ukipigana naye hutengeneza kinga ambayo kwa watu wachache hukosea shabaha, ikashambulia viungo, ngozi, ubongo na, baya kuliko yote, valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, ambayo wengine huiita homa ya baridi yabisi. Kwa kawaida huja wiki mbili hadi nne baada ya koo, wakati koo lenyewe limeshasahaulika. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kwa walio chini ya miaka 3 ni nadra. Inapenda msongamano: vyumba vya kulala watu sita, madarasa kama langu. Nchi tajiri zimeisahau kwa kiasi kikubwa, lakini huku kwetu bado inajaza kliniki za moyo vijana, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliona haja ya kupitisha azimio juu yake.

Muuguzi mmoja alinieleza jambo ambalo ni la walimu hasa. Wakati mwingine homa ya rumatiki haiji kwa goti, huja kwa mikono. Miezi kadhaa baada ya koo, mtoto anaanza kurusharusha mikono bila kutaka, anakunja uso, anaangusha kalamu, na mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika ghafla. Nyumbani wataambiana amekuwa mtundu. Shuleni ataandikiwa "hana makini". Tangu siku hiyo, mtoto ambaye mwandiko wake umebadilika simkaripii kabla ya kumtazama vidole.

Ninachotaka mzazi akijue ni kwamba hayo yote yanazuilika kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa jeshi la Marekani waliwafuatilia askari vijana waliokuwa wakiumwa koo katika kambi ya Warren, huko Wyoming, wakaona homa ya rumatiki imepungua sana miongoni mwa waliopewa penisilini. Ikaja kujulikana pia kwamba hata matibabu yakichelewa, mradi yaanze ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado yanamkinga mtu.

Siku tisa ni nyingi, na ndiyo sababu ninazipenda. Zinamaanisha kwamba mtoto mwenye koo linalouma, anayepumua vizuri na kunywa maji, hahitaji kubebwa na bodaboda saa nane za usiku. Zinamaanisha pia kwamba una nafasi ya kupima kwanza, usubiri majibu, badala ya kumeza dawa kwa kubahatisha. Ila si nafasi ya kungojea mshahara.

Sasa, nani apimwe? Mwaka 1981 daktari Mmarekani Robert Centor na wenzake walichapisha alama nne ambazo bado zinatumika hadi leo: homa ya zaidi ya nyuzi 38, mafindofindo yaliyovimba au yenye usaha, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na zinazouma zikibonyezwa, na kutokuwepo kwa kikohozi. Baadaye, mwaka 1998, daktari wa Kanada, Warren McIsaac, akaongeza umri: mwenye miaka 3 hadi 14 anapewa alama moja zaidi, na aliyefika 45 anapunguziwa moja. Alama zikiwa nyingi ndipo kupima kunapokuwa na maana. Zikiwa sifuri au moja, kumpima ni kupoteza pesa.

Mimi mezani kwangu sina kipimajoto, wala si kazi yangu kuchungulia makoo ya watoto wa watu. Kwa hiyo naanza na kikohozi. Mtoto anayekohoa, makamasi yanamtiririka, macho yamekuwa mekundu, sauti imemkauka, huyo koo lake ni sehemu ya mafua, na mafua ni virusi. Antibiotiki haimsaidii chochote. Ila akija ambaye jana alikuwa mzima, leo mwili unachemka, kichwa kinamuuma, pengine ametapika, akimeza mate anafumba macho, na hakohoi hata kidogo, huyo ndiye ninayempigia mama yake simu. Wakati mwingine huwa na vipele vidogo mwilini. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri, lakini ukipitisha kiganja tumboni au kifuani unahisi mkwaruzo kama wa msasa. Huyo asingoje.

Hata hivyo dalili ni dalili tu. Mtu mwenye alama zote nne ana uwezekano wa takriban nusu kwa nusu wa kuwa na bakteria hao. Kwa watoto wote wanaoumwa koo, wenye streptokokasi ni kama 20 hadi 30 katika kila 100, na kwa watu wazima ni wachache zaidi. Hakuna jicho, hata la daktari bingwa, linaloweza kuwajua kwa kutazama tu. Ndiyo maana kuna kipimo.

Nilikiona kwa karibu mwanangu alipoumwa. Tabibu alimkalisha akielekea dirishani, akawasha tochi, akabonyeza ulimi kwa kijiti cha mbao. Halafu akatoa kijiti kirefu chenye pamba nchani, akasugua findo la kushoto, la kulia, kisha ukuta wa nyuma ya koo, akijihadhari pamba isiguse ulimi wala shavu. Mtoto akachefukwa, machozi yakamlengalenga, akaniambia kwa hasira, "Mum, ulisema hakuna sindano!" na sindano yenyewe haikuwapo chumbani. Pamba ikazungushwa ndani ya kichupa chenye matone ya dawa, na maji yake yakadondoshewa kwenye kikaseti cha plastiki, aina ileile tuliyoizoea kwa kipimo cha malaria. Dakika tano, kumi hivi. Mstari mmoja, hawapo. Miwili, wapo.

Ukatoka mmoja. Tabibu hakuridhika, kwa sababu kipimo hiki cha haraka kikisema wapo, mara nyingi wapo kweli, lakini kikisema hawapo, kinaweza kuwa kimewakosa baadhi. Kwa mtu mzima angekubali yaishie hapo. Kwa mtoto alichukua pamba nyingine ya kuoteshwa maabara, majibu baada ya siku moja au mbili. Nayo ikatoka safi. Tukaenda nyumbani na parasetamoli, na maagizo ya kusukutua maji vuguvugu yenye chumvi. Shemeji yangu alinicheka sana: nimelipa pesa ili niambiwe mtoto hahitaji dawa! Kwangu pesa hiyo ilifanya kazi kuliko ile inayonunua kapsuli zisizo na kazi.

Si kila zahanati ina kipimo hiki, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda matatu, uulize kama wanapima streptokokasi ya koo au kama wanaotesha sampuli ya koo. Mahali ambapo hakipo, tabibu mzuri atatumia dalili na umri, na mtoto wa umri wa shule mwenye dalili zile atamtibu bila kungoja, kwa sababu gharama ya kukosea upande huo ni ndogo kuliko gharama ya moyo. Kama hujajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, jisajili kwa *147#. Huduma za msingi katika vituo vya umma vya ngazi ya 2 na 3 zimepangiwa mfuko wake, na kumuona tabibu kwa koo ni huduma ya msingi.

Jambo moja linaniudhi. Ukimpeleka mtoto mwenye homa katika kliniki nyingi za mitaani, atatolewa damu ya malaria na ya taifodi kabla mtu hajamwambia afungue mdomo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wengi wanaougua malaria hapa wameipata safarini, Pwani au kando ya Ziwa Victoria. Ikiwa mtoto hajatoka mtaa wa Umoja mwaka mzima na anashindwa kumeza mate, mwambie daktari kwa upole: "Naomba umtazame koo." Si utovu wa adabu.

Kisha kuna duka la dawa. Mwenye duka la mtaani kwetu tunamwita daktari, na ni kijana mwenye heshima zake. Ukimwambia koo, atakuuliza, "Nikupe za ngapi?" Ukiwa na hamsini atakuhesabia za hamsini: vidonge vya rangi mbili ndani ya bahasha ndogo ya kaki, juu yake ameandika 1x3 kwa kalamu. Siku moja nilimkumbusha kwamba antibiotiki kisheria zinauzwa kwa maagizo ya daktari. Akacheka. "Madam, nikimkatalia atavuka barabara, na kule atauziwa zilizoisha muda." Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo sina zuri. Lakini ninajua vidonge vya hamsini vinafanya nini. Kwa mwenye mafua havifanyi kitu zaidi ya kumharisha. Kwa mwenye streptokokasi vinashusha homa, mtoto anaonekana amepona, bakteria wanabaki kooni, na saa ya moyo inaendelea kuhesabu.

Wengine huomba zile tembe tatu za azithromycin kwa sababu ni za siku tatu tu na zinaonekana za kisasa. Hizo ni akiba ya mtu mwenye mzio wa penisilini, na duniani wapo streptokokasi waliokwisha kuzizoea. Penisilini yenyewe, baada ya miaka zaidi ya 80 ya kutumika, bado inawamaliza streptokokasi wa kundi A. Katika enzi hii ya dawa kugoma kufanya kazi, hilo si jambo dogo.

Na kimeo. Sitaki kuwadharau wazee, lakini hili nalisema hata mbele ya mama mkwe, na ameshanizoea. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakisababishi kikohozi, hakimzuii mtoto kunyonya, wala hakiozi. Koo likiwa na maambukizi kinavimba pamoja na sehemu nyingine, na likipona nacho kinarudi. Hata hivyo hapahapa Nairobi wapo wakata kimeo, wana kisu au wembe, na wateja hawakosi. Jirani yangu alikuwa ameshafunga mtoto mgongoni kwenda kwa mmoja wao nilipomkuta kwenye ngazi. Nilimwuliza tu: "Kidonda kikitoka damu usiku wa manane, huyo mzee atapokea simu?" Damu isiyokatika, usaha, pepopunda, virusi vya ukimwi kutoka kwa wembe uliotumika: hayo ndiyo yanayoletwa hospitalini baada ya kimeo. Alirudi ndani. Kesho yake tulikwenda pamoja zahanati, mtoto akaonekana ana mafua ya kawaida.

Upande wa watu wazima nina haraka zaidi, maana sisi wakubwa homa ya rumatiki ya mara ya kwanza ni nadra kutupata. Mwalimu anayeshindana na kelele za darasa na honi za barabarani atakaukwa sauti karibu kila muhula. Nikiwa na kikohozi na mafua nanywa dawa, hii ya ndimu, tangawizi na asali, ambayo haiui kirusi lakini inafanya kumeza kuvumilike. (Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, na aspirini asipewe mtoto wala kijana mwenye homa.) Koo la virusi kwa kawaida hupungua ndani ya wiki. Likipita wiki bila nafuu, naenda. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvutaji sigara, inatakiwa itazamwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Ila kuna watu wazima watatu ambao siwaambii wanywe tangawizi.

Wa kwanza ni mwenzangu wa ofisini, anayetumia carbimazole kwa sababu ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Alikuja asubuhi moja na homa na koo, akiwa na peremende ya koo mdomoni, anajiandaa kuingia darasani. Dawa hiyo, kwa watu wachache, hushusha chembe nyeupe za damu hadi mwili ukakosa askari, na koo lenye homa ndiyo ishara ya kwanza. Mtu kama huyo anaacha dawa na kwenda kupimwa damu siku hiyohiyo. Alikwenda, chembe zilikuwa sawa, akarudi amenuna kidogo kwa kupoteza nusu siku. Sijali. Walio kwenye matibabu ya saratani au dawa nyingine za kushusha kinga wako katika kundi hilohilo.

Wa pili ni kijana anayepata koo, homa, uchovu na pengine upele wiki mbili hadi nne baada ya tendo lisilo na kinga. Inaweza kuwa virusi vya ukimwi vinaingia, na kwa siku hizo za mwanzo kipimo cha kawaida kinaweza kusema hana. Aeleze ukweli kliniki, apimwe, na arudie kupimwa kama atakavyoelekezwa. Akija mapema, ndani ya saa 72 tangu tendo lenyewe, kuna dawa ya kuzuia. Kisonono pia hukaa kooni, na hapo pamba ileile ya kusugua ndiyo hutumika.

Wa tatu ni yule mwenye utando mweupe mdomoni na kooni, hasa ukikwanguliwa unatoka. Huo mara nyingi ni fangasi, na kwa mtu mzima fangasi ya kooni inataka ijulikane kwa nini imepata nafasi: sukari, ukimwi, au pampu ya pumu yenye steroidi asiyosukutua maji baada ya kuivuta.

Siku tisa hazihusu dalili za hatari. Mtoto anayedondosha mate kwa kushindwa kuyameza, anayevuta pumzi kwa kelele, anayekaa ameinama mbele na kukataa kulala, huyo anapelekwa kitengo cha dharura sasa hivi, na usimtie kijiko mdomoni kumchungulia. Vilevile mtu ambaye mdomo haufunguki, upande mmoja wa koo umevimba na sauti imebadilika kana kwamba amejaza chakula mdomoni: huenda kuna jipu nyuma ya findo, nalo hutobolewa, haliishi kwa vidonge. Shingo kukakamaa, shingo kuvimba nje, mtoto kutokojoa tangu asubuhi, utando wa kijivu kooni kwa mtoto ambaye hakumaliza chanjo zake za wiki 6, 10 na 14, hizo pia ni za kwenda bila kuuliza jirani.

Kitindamimba wetu sasa ni mtu mzima, anafanya kazi mjini, na kila baada ya wiki nne anadungwa penisilini ya benzathini ya yuniti milioni 1.2. Ni dawa nzito, nyeupe, inasukumwa polepole na inauma siku nzima. Siku hiyo hupanda matatu akakataa kiti. Haimtibu valvu, inazuia koo lingine lisije likaizidisha. Kwa uharibifu wa kiasi chake madaktari wanazungumza juu ya kuendelea hadi karibu miaka 40, na wamemwambia akitaka mtoto aje wazungumze kabla ya mimba, kwa kuwa mimba huongeza damu ambayo valvu yake itatakiwa kuipitisha. Sindano moja ya dawa hiyohiyo, mara moja tu, akiwa darasa la tano, ingetosha.

Hilo ndilo ninalowaambia wazazi wanaoogopa siku kumi za dawa: kuna sindano moja badala yake, na daktari akishahakikisha mtoto hana mzio, ni halali kuiomba. Wakichagua dawa ya maji, nawaambia kuhusu chupa. Amoksilini ya watoto huuzwa sana katika chupa ya mililita 100. Mtoto akiandikiwa mililita 5 mara tatu kwa siku, chupa inaisha siku ya saba, na mama husema dozi imeisha kwa sababu chupa imeisha. Ya koo la streptokokasi ni siku kumi, hata kama homa ilishuka siku ya pili. Mwulize daktari kama anaweza kuandika mara moja au mbili kwa siku, ili dawa isibebwe kwenye mkoba pamoja na vitabu. Mtoto anaweza kurudi darasani akishamaliza saa 24 za dawa na homa haipo. Na mnunue chupa mbili siku ileile mkiwa bado na pesa, ya pili msiitie maji mpaka ya kwanza ikauke, maana ikishachanganywa haikai muda mrefu.